Mnanaa Ndani ya Chupa

Nilikuwa ndani ya basi na tasbihi yangu, nikimkumbuka Mola, lakini masikio nayo yana yao. Mbele yangu mama mmoja fundi cherehani, futi ya kupimia ingali shingoni, alimgeukia msichana aliyejitanda mtandio hadi mdomoni.

"Mwanangu, joto lote hili unaficha nini?"

Msichana akanong'ona kuwa ni vinywele vya kidevuni. Anakunywa chai ya mnanaa ili vipungue, na mchumba wake hajui.

"Na hiyo chupa kubwa ya chai uliyoipakata, unanywesha ukoo mzima?"

"Mchumba naye kaipenda chai yangu, shangazi! Nikimimina tu, ananipokonya kikombe. Sasa naogopa ndevu zake zitapukutika kabla ya harusi."

Fundi alicheka mpaka futi ikamdondoka. "Basi mtaoana sare! Kwa daktari umekwenda?"

"Ndiko nitokako. Kanipima damu, kasema chai ninywe, ila nisingoje miujiza."

"Basi mwambie mwenzio."

"Akinikimbia je?"

Hapo vidole vyangu vikasimama kwenye shanga. Vinywele vya kidevu changu mimi, marehemu mume wangu alivijua. Kila Ijumaa alinishikia kioo dirishani nikivinyofoa, na alikuwa akinionyesha kinywele nilichokisahau. Nilitaka kumwambia binti wa watu, lakini basi likasimama, naye akashuka.

Kituoni alingoja kijana mwenye ndevu tele, mashallah. Aliipokea chupa kwanza, akamimina, akanywa. Msichana alitugeukia tuliokuwa dirishani, mkono ukiwa kwenye mtandio, kama anayetuuliza aushushe au la.