Sauti ya Nestory Isiyovuta Pumzi

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika redio yetu, mhariri wetu Bi Prudencia Kokuberwa anastaafu Jumatatu, Juni 30, 2025. Alitoka Bukoba akiwa binti mwembamba, akaanza kwa kupokea matangazo ya vifo.

Hapo ndipo tulipomjua. Tangazo la kifo halikusomwa mpaka ampigie jirani wa marehemu, si yule aliyelileta. Sisi Wasukuma wa mitambo tulimtania kuwa hata shikamoo anaitafutia shahidi. Siku moja jirani wa Buhongwa alimkabidhi simu marehemu mwenyewe, naye akataka kujua nani ana haraka naye hivyo.

Mwaka jana mtoto alizama ziwani, upande wa Nansio. Baada ya maziko, sauti ikaanza kuzunguka kwenye simu za watu. Ilikuwa ya Nestory Shimba, msomaji wetu wa vifo, tuliyemzika miaka miwili kabla. Kwa upole wake ule ule, ilimtaja bibi mjane, Wilhelmina, kuwa ndiye aliyemchukua mtoto kwa uchawi. Studio nzima tulisisimka mwili. Mitaani walisema marehemu hana sababu ya kudanganya, na kufika mchana vijana wenye mapanga walikuwa wamesimama nje kwa bibi.

Bi Prudencia naye aliogopa. Hata hivyo aliingia hewani, akawauliza wasikilizaji kila mmoja katumiwa na nani, na huyo naye kapewa na nani. Akauliza shamba la bibi litabaki kwa nani akifa. Kisha akaweka kanda ya zamani ya Nestory, aliyekuwa na pumu, akihema kati ya majina. Akaweka na ile mpya. Ilisema mwanzo hadi mwisho bila kuvuta pumzi hata mara moja.

Vijana waliondoka mmoja mmoja. Bibi Wilhelmina yuko hai, analima mihogo yake.

Wiki iliyopita sote tulipata ujumbe wa sauti wa Bi Prudencia, akituaga kwa majina. Ulikuwa mzuri, wengine tulilia. Tulipokwenda kumshukuru, alisema hajatuma chochote.

Ahsante, Mama, kwa kutufundisha kuuliza. Tunakutakia afya na usingizi mtulivu huko Bukoba. Salamu hizi hatukutumii kwa simu. Tumekuja nazo wenyewe, tumesimama mbele yako, utushike mikono.