Dk. Sabina na Mkungu wa Chumba cha Miche

Baada ya miaka ishirini na saba katika kituo chetu cha utafiti wa korosho, Dk. Sabina Mwaipaja anastaafu tarehe 30 Juni 2008. Alikuja Mtwara kutoka Tukuyu na sanduku moja na sweta mbili. Sweta hizo hajazivaa hadi leo.

Mikorosho ikipuliziwa salfa, sisi wengine tuliangalia kama ukungu umekufa. Yeye aliuliza mti wenyewe unajisikiaje. Hapo ndipo alipozama kwenye promota, ile swichi inayowasha na kuzima jeni. Aliunganisha swichi moja na jeni ya rangi, akaiweka kwenye miche ya tumbaku. Mche ukishtushwa na kemikali, jani lake likilowekwa dawa maabara hutoka buluu. Usiposhtushwa, hutoka jeupe.

Mwaka 1998 wakubwa kutoka Dar es Salaam walitangaza kuja kuamua kama maabara ifungwe. Wiki mbili kabla, majani yote yakatoka buluu, hata ya miche isiyoguswa na salfa. Kazi ya miaka mingi ilikuwa inakwenda na maji. Sabina alisimama mlangoni mwa chumba cha miche, akanusa. Mtu wa Tukuyu humfichi harufu ya ndizi!

Chini ya meza kulikuwa na mkungu kutoka Mahurunga, umefunikwa gunia. Dereva wetu, Silvio, aliuvundika humo kwa ajili ya kipaimara cha binti yake Neusa, maana chumba kile kina joto zuri. Alijitetea, "Mama, mie nikajua miche haili ndizi." Tulidhani kibarua chake kimeota nyasi. Sabina alicheka mpaka akakaa chini. Ndizi inapoiva hutoa gesi ambayo ni homoni ya mimea, na hiyo ndiyo iliyowasha swichi.

Akaagiza mkungu mwingine. Wageni wakaonyeshwa majani ya miche iliyokaa na ndizi: buluu. Ya miche iliyopuliziwa salfa: buluu. Ya miche iliyotengwa chumba cha mbali: meupe pepe. Swichi moja, inaitikia homoni na kemikali pia! Maabara haikufungwa, na vijana wanne wamepatia shahada zao humo. Neusa naye alipata kipaimara, na ndizi tulikula sote.

Dk. Sabina, asante kwa kucheka siku ambayo ungeweza kufukuza mtu. Tunakupenda, na tutakukumbuka sana. Silvio, ambaye bado ndiye dereva wetu, amekuletea mkungu mbichi. Kauvundike sebuleni, chumbani, popote upendapo, na uishi kwa afya na raha tele.