Mlango Nilioupigia Tiki

Ndugu zangu, msinipigie makofi bado. Ngojeni nimalize, halafu kila mtu aamue mwenyewe. Wengi wenu mnanijua kama yule mama wa Nyakuron anayepanga viti Jumapili. Wachache mnajua kwamba zamani nilikuwa mkaguzi wa makao ya wazee, mtu wa serikali, beji kifuani. Sitataja jina la mtu wala la nyumba. Jina la kulaumiwa hapa ni langu, na mnalijua.

Nilisoma Kenya, kwenye ukimbizi, na niliporudi Juba na vyeti vyangu nilijiona mimi ndiye nimewaletea watu akili. Nilikuwa mkali. Nikiingia kwenye nyumba ya wazee, wafanyakazi wote wanasimama. Nilipenda sana wakisimama, nisiwafiche.

Kulikuwa na nyumba moja si mbali na Hai Cinema, ya wazee tisa wasioweza kutembea. Chumba kimoja kirefu, vitanda mstari mmoja, mbele geti la chuma, nyuma ukuta mtupu. Nikamwambia metroni, mama aliyesimamia pale, "Hakuna mlango wa pili. Moto ukiwaka je? Nawapa wiki mbili. Nisipoukuta nafunga." Akasema, "Sawa, madam." Hakuniambia kwamba nyuma ya ukuta ule kuna stoo ya jirani, na jirani amekataa kuguswa. Na mimi sikuuliza.

Wiki mbili zikaisha, nikarudi. Walinipa kiti kivulini, wakaniletea kisra na mchuzi wa bamia, nikala, nikasifu. Kisha nikaingia ndani. Ndugu zangu, nawaambia ukweli: chumba kilinuka mkojo. Nilifika kitanda cha tatu nikasimama, leso puani. Kule mwisho nikaona mlango wa buluu, mpya, una komeo na kufuli. Nikaunyooshea kalamu. "Ule ndio mlango wa dharura?" "Ndiyo ule, madam." Nikapiga tiki kwenye fomu. Zilibaki hatua kumi hivi kufika pale, na sikuzitembea. Nilikuwa nimevaa viatu vya kutoka Kampala.

Mwaka uliofuata mama yangu mzazi alipatwa na kiharusi, miguu ikapooza. Kumuosha kila siku kulinishinda. Nikampeleka kwenye nyumba ile ile, kwa sababu niliikagua mwenyewe. Hakutaka. Alinishika mkono akasema, "Mwanangu, hapa wanafunga geti kwa kufuli." Nikamjibu kwa sauti, ili na wenzake wasikie, "Mama, usiogope. Kuna mlango wa nyuma. Mimi mwenyewe nimeuandika." Habuba mmoja, bibi wa kitanda kilichopakana na chake, akamwambia mama ana bahati, amezaa mtu mkubwa. Hao wawili wakawa marafiki.

Halafu risasi zikaingia mjini. Mnazikumbuka siku zile, sina haja ya kuwasimulia. Tulisikia mizinga upande wa kambi ya Bilpam, nikabeba watoto tukakimbilia uwanja wa kanisa, tukakaa siku nne. Siku ya pili asubuhi kulitulia kidogo, watu wakatoka kutafuta ndugu zao. Kutoka pale hadi kwa mama ni mwendo wa nusu saa. Mwanamke mmoja aliniuliza, "Wewe huna mtu huko?" Nikamjibu, "Mama yangu yuko salama. Nyumba yao ina milango miwili." Nikaendelea kukaa.

Kule kwao, askari wa geti alikimbia siku ya kwanza na ufunguo mfukoni. Metroni alikuwa ameshaondoka. Wazee walianza kuita wakiwa getini, kwa sababu geti linatazama barabara. Mama yangu ndiye aliyewanyamazisha. "Mnamaliza nguvu bure," aliwaambia. "Mlango uko nyuma. Binti yangu ameuandika." Wakamwamini. Wakajiburuza sakafuni, wenye nguvu kidogo wakiwavuta wengine, hadi kwenye ule mlango wa buluu. Siku moja na nusu waligonga kufuli kwa chuma cha kitanda na kuchokonoa komeo kwa vidole. Mama aling'oka kucha tatu. Mwishowe kufuli likaachia na mlango ukafunguka vizuri kabisa, maana bawaba zilikuwa mpya. Nyuma yake kulikuwa na ukuta. Ukuta ule ule. Hata plasta hawakuwa wameigusa.

Mama alinisimulia haya mara moja tu. Alisema hakuna aliyelia. Habuba yule aliutazama ukuta, kisha akamuuliza, "Huyu binti yako alisomea wapi?" Kiu ilimmaliza kesho yake, na kufikia hapo hakuna aliyebaki na nguvu ya kurudi getini kuita.

Mtoto wa yule habuba ni mwanamume mzima, fundi wa kuchomelea vyuma, amekulia Uganda. Yeye ndiye aliyevunja geti siku ya nne. Alimtoa mama yake akiwa maiti, akarudi akamtoa wangu akiwa hai. Mimi nilifika kesho yake.

Mnadhani nilitubu hapo? Wapi. Nilikaa mezani nikaandika ripoti: mlango wa dharura ulikuwepo, hali ya usalama ilizuia matumizi yake. Mkubwa wangu akaisifu, akasema imeandikwa vizuri. Jioni hiyo nikaanza kunywa araki, na kila jioni iliyofuata.

Mama nilimleta nyumbani kwangu. Nikimuuliza, "Mama, umekula?" anajibu, "Andika nimekula." "Mama, umelala?" "Andika nimelala." Namfunga bendeji vidoleni, namuuliza kama inauma. "Andika haiumi." Miezi, ndugu zangu. Nilifika mahali nikamchukia, mama aliyenizaa, kwa ajili ya neno hilo. Siku moja nilimwacha bila maji makusudi tangu asubuhi hadi saa tisa, nikitaka aniombe kama watu wanavyoomba. Mimi, niliyejua alivyokaa na kiu mle ndani. Hakuomba. Nilimpelekea kikombe, akanywa chote, akanirudishia bila kuniangalia.

Ndipo akaja yule fundi kumsalimia rafiki wa mama yake. Alileta kuku amefungwa miguu, akanisalimia kwa heshima. "Mama, nasikia wewe mtu ya serikali," akasema. "Mimi hapana jua kuandika sana. Nataka kushitaki ile nyumba. Nisaidie." Nikatoa karatasi. Nikashika kalamu. Mama alikuwa kwenye mkeka, ametugeuzia mgongo. Akasema, "Andika."

Nikashindwa. Niliweka kalamu chini nikamwambia, "Ndugu yangu, tiki ya ule mlango ni yangu. Sikuufungua. Hata kuufikia sikuufikia." Hakunipiga, na nilitamani anipige. Alisimama, akamchukua kuku wake, akaondoka. Chekeni tu, hata mimi siku hizi nacheka nikimkumbuka yule kuku. Siku ile sikucheka.

Siku tatu baadaye alirudi na nyundo kubwa. "Twende," akasema. Kwenye nyumba ile walikuwa wameshaingiza wazee wengine, na mlango wa buluu umepakwa rangi upya. Metroni aliponiona akasimama, mazoea. Fundi akanionyesha kitanda alichokuwa akilalia mama yake. "Lala hapo. Sasa enda kwa mlango. Miguu hapana." Nikashuka nikajiburuza kwenye saruji mbele ya wazee wale na mbele ya metroni. Mkojo niliouzibia pua nikaupitia kwa tumbo. Nilipofungua mlango nikaona chini ya fremu, mahali brashi ya rangi haikufika, alama za vidole, damu imekauka. Nililia kwa sauti. Fundi akasubiri nimalize, kisha akanipa nyundo. "Piga," akasema.

Jirani mwenye stoo alikuja anafoka. Akaona wazee vitandani wanatuangalia, akaanza kusogeza magunia yake. Tulipiga kwa zamu hadi mtu mzima akaweza kupita. Kesho yake nikaandika ripoti nyingine, ya kweli, jina langu juu. Wiki hiyo hiyo nikafukuzwa kazi, na walifanya vizuri.

Araki haikuniacha siku hiyo. Ni ninyi wa kikundi hiki mlionifuata nyumbani, mkanikalisha, mkamwaga chupa zangu mbele yangu huku nawatukana. Wapo hapa niliowatukana hadi mama zao. Asanteni. Namshukuru na yule fundi, aliyekaa pale karibu na mama yangu. Hanipendi, msidhani. Tunazunguka pamoja kwenye nyumba za wazee bila beji, mimi nalala kitanda cha mwisho na kujiburuza hadi mlangoni. Nikimaliza ananiuliza, "Umefungua?" Nasema nimefungua. Na yeye anaenda kufungua tena mwenyewe.

Alasiri moja nilirudi kutoka kazi hiyo nimejaa vumbi, nikamuuliza mama kama kawaida, "Mama, umekula?" Aliniangalia mikono, ina malengelenge. Akasema, "Nimekula." Nilienda nyuma ya nyumba nikakaa chini.

Basi somo langu ni dogo. Usimwambie mtu yuko salama kwa kitu ambacho mkono wako haujakigusa. Maneno yangu machache kwa mama yalimfanya habuba yule aache kuita getini, na barabarani watu walikuwa wanapita.

Sasa, ninyi mliokaa upande wa kushoto. Nimeingia humu ukumbini leo nikauona huo mlango wa pembeni, umeegemezewa ngoma na viti vya plastiki. Mzee wa kanisa ameniambia unafunguka. Ondoeni ngoma. Ondoeni viti. Mimi nasimama hapa hapa na sikai. Vuteni, nione nje.