Sahani ya Isidore

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni kidogo kelele za jikoni. Leo tunamkumbuka Mama Victorine, muuguzi wa Buleusa. Tulimzika Jumamosi, na nawaambia wazi: sikurudi na huzuni tupu. Nilirudi nimeshiba!

Isidore, mkulima wa mihogo, zamani alivurugika akili. Alisikia sauti, akakimbilia porini. Kaka yake Déo akamfunga kamba nyuma ya nyumba. Alikula peke yake, sahani yake haikuguswa na mtu. Watu waliamini ukila naye, wazimu unakuingia.

Daktari Aurélie alileta dawa. Siku nyingine Darius, mwanasaikolojia, alileta mazungumzo. Victorine naye alikuja kivyake. Kila mmoja na agizo lake! Déo akachoka.

"Munakuya mumoja mumoja, kila muntu na yake. Mimi nifwate nani? Kesho namupeleka mu pori, abakie kule!"

Na hakuwa anatania. Victorine alishikwa na hofu, akarudi kituo cha afya, akawafokea wenzake, daktari akiwemo: "Tunapigana na ugonjwa ao tunapigana sisi kwa sisi? Kesho asubui tunaenda wote. Na tunakula na Isidore."

Wakaenda wote, wasikilizaji. Victorine akanawa, akaketi chini, akamega bugali kwenye sahani ile ile ya Isidore, akachovya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Darius akafuata. Daktari alisita, haki ya Mungu, kisha naye akamega. Hapo hapo wakapatana mbele ya Déo: dawa baada ya chakula, Darius azungumze na nyumba nzima, na agizo liwe moja. Déo akaifungua kamba kwa mkono wake.

Haikuwa mteremko. Isidore aliacha dawa, akaanguka tena. Wakarudi tena, wote, wakala naye tena, hadi akili yake ikatulia. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi Jumamosi kwenye kilio, nani alisonga bugali? Isidore! Mwiko mkononi, jasho usoni, unga wa muhogo wa shamba lake mwenyewe. Buleusa nzima ikanyoosha mikono, ikamega. Déo aliongezewa mara mbili, wala hakuona haya.

Papa Marcellin, mume wa marehemu, alilia huku anacheka: "Mama iko analala, lakini ni yeye ameshinda."

Pole sana, Papa Marcellin. Poleni watoto, pole Daktari Aurélie, pole Darius. Nasi tujiulize: nyumbani kwetu, nani bado anakula peke yake? Chakula kikiiva leo, mwiteni.