Insha ya Jamali na Peni Yangu Nyekundu

Mimi naitwa Digrii, na kabla hujacheka, shule niliiacha kidato cha pili kwa hiari yangu. Walimu walikuwa wameanza kunichelewesha. Sasa hivi ni fundi simu, na kama kuna simu imenishinda Lushoto hii basi hiyo haikuwa simu. Meza yangu iko ubavuni mwa duka la pembejeo, juu kidogo ya soko, na mbele yake kuna benchi la mbao za mkaratusi ambalo asubuhi, ukungu ukiwa bado haujaamua kuondoka, lina watu wengi kuliko ofisi nyingi. Rama anauza kahawa hapo. Issa alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo mpaka alipostaafu, na kwa kuwa kila kitu kwake ni ushahidi, tunamwita Kielelezo. Mzee Sheshe hushuka kutoka shambani na matope yake kwenye buti, anakunywa, haongei. Jumanne ile akaja mpwa wake, Jamali, bwana shamba wetu wa kata, ana karatasi mbili mkononi.

— Shikamoo mjomba. Shikamoo mzee Issa.

— Marahaba.

— Digrii, mambo.

— Na mimi niamkie. Umri umenizidi, akili hujanizidi.

Akakaa. Karatasi zile zilikuwa insha ya kuombea nafasi ya shahada ya uzamili kwenye chuo cha nje, pamoja na ufadhili. Mwaka jana aliomba, wakamkatalia bila kumwambia kwa nini. Mwaka huu mwisho wa kutuma ni kesho saa sita mchana, na hakuna mwaka mwingine: ufadhili ule hawapewi waliofika miaka thelathini na tano, na yeye anaifikisha Desemba.

— Nimewapa watu wanne waisome, — akasema. — Wote wananiambia nzuri.

— Si uitume basi, — Rama akasema huku anamimina.

— Hata ya mwaka jana waliniambia nzuri.

Hapo Kielelezo akaweka kikombe chini.

— Watu gani hao wanne?

— Mwalimu wangu wa chuo. Bosi wangu. Anord niliyesoma naye, yuko Dar. Na mke wangu.

— Mwalimu alijibu baada ya muda gani?

— Kama dakika mbili.

— Kurasa mbili kwa dakika mbili. Huyo hajasoma, huyo kakutumia kidole gumba.

— Bosi je? — nikauliza mimi.

— Alirekebisha alama za mkato. Tatu.

— Wewe ukiondoka, nani atapanda pikipiki kwenda Vuga na mvua? Akurekebishie nini zaidi? Haya, na Anord, yeye anaomba chuo gani?

Jamali akajikuna shingo.

— Hicho hicho.

Nikamtazama Kielelezo, Kielelezo akanitazama.

— Na shemeji?

— Alisinzia ukurasa wa kwanza.

— Huyo peke yake ndiye aliyekupa maoni, — nikamwambia. — Lete hapa. Leo unasahihishiwa na watu wasiokuonea haya.

Nikachomoa peni nyekundu ninayoandikia majina kwenye simu za wateja. Insha ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo Jamali alikuwa anasoma kipande, anakitafsiri, anasubiri hukumu. Alianza na mteremko ulio juu ya kijiji chao, mto unapoanzia, na udongo mwekundu unaoshuka kila masika.

— Simama, — nikasema. — Kijiji umekitaja jina?

— Nimekitaja.

— Na mto unakoanzia?

— Digrii, hiyo ndiyo kazi yangu.

— Kazi yako ni kuwachorea ramani? Mwakani utaona watu wa kofia pana, droni inalia juu ya migomba, ukiwauliza wanasema wamepotea njia. Chanzo kishawekewa uzio.

Nikafuta. Jamali akaendelea. Akaeleza jinsi anavyozunguka kila Jumamosi kwenye mashamba thelathini, anachomeka vijiti vya mianzi alivyovikata alama, na wenye mashamba wanamsomea udongo umeshuka vidole vingapi.

— Njia hiyo mmeibuni nyinyi? — Kielelezo akauliza.

— Mimi na wakulima.

— Mmeisajili?

— Vijiti vya mianzi, mzee. Nivisajili wapi?

— Basi toa. Kielelezo kisicho na namba kinabebwa na yeyote, halafu unaletewa hapa kwenye boksi, unauziwa.

Nikafuta. Karatasi ilianza kupendeza. Jamali akageuza ukurasa, na sauti ikashuka.

— Hapa wanataka nieleze ni wapi niliwahi kukosea.

— Wanataka nini?

— Kosa. Na nilijifunza nini.

Akasoma. Mwaka wake wa kwanza kazini alimwelekeza mkulima mmoja kuchimba matuta ya kukinga maji, vipimo akavitoa kwenye kitabu. Aprili maji yakatuama nyuma ya matuta, na kufikia adhuhuri shamba lote la viazi lilikuwa limelala barabarani. Mkulima yule hakusema naye mwaka mzima.

Hakuna aliyeuliza mkulima gani. Barabara ile tuliifukua sote. Mzee Sheshe akawa anapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

— Hayo ni maelezo ya kukiri kosa, — Kielelezo akasema. — Nimeyaandika miaka ishirini na saba. Ukishasaini umekwisha.

— Na mtu anayekusanya makosa ya wenzake ana mpango, — nikasema. — Wanayaweka kabatini. Siku ukiwa mkurugenzi unapigiwa simu: vipi, yale matuta?

— Mimi hata chuo nakishuku, — Kielelezo akasema. Pengine ni mtu mmoja, yuko chumbani na biskuti zake, anasoma aibu za Afrika nzima.

— Analipwa na nani? — Rama akauliza.

— Hilo ndilo ninalotaka kujua.

Jamali akacheka kidogo, kisha akamgeukia mjomba wake.

— Mjomba?

— Futa, — Mzee Sheshe akasema.

Hiyo niliifuta mara mbili. Jamali akatusomea kilichobaki: “Mimi ni mtumishi mwenye bidii na uadilifu. Nina shauku kubwa ya maendeleo endelevu. Chuo chenu kina sifa duniani kote. Nikipata nafasi nitaitumia vizuri.”

— Safi, — Kielelezo akasema. — Hapo hukamatwi popote.

Mimi nikaanza kufunika peni. Mwisho wa benchi alikuwa ameketi dada mmoja, Dina, mfanyabiashara wa Tanga anayesubiri kabichi zake zipakiwe kwenye Fuso. Alifika Jamali alipoanza kusoma kilichobaki, ana kashata mkononi.

— Samahanini, — akasema. — Huyu kaka anataka kwenda kusoma nini?

Nikaiinamia karatasi kutafuta jibu. Palipobaki bila wekundu palikuwa na sentensi nne. Kielelezo akavua kofia, akaitazama ndani.

— Maendeleo, — Rama akajaribu.

— Ya nini?

Rama akaona afadhali aoshe vikombe. Jamali mwenyewe alikuwa anaikodolea karatasi yake kama barua ya mtu mwingine. Nje ya soko wapakiaji wakamwita Dina, akaondoka na kashata yake, wala hakusubiri jibu.

Rama akarudi kutumiminia. Birika likawa limekwisha.

— Digrii, — Mzee Sheshe akasema, — hiyo peni yako inafuta tu, au chini yake bado panasomeka?

Nikaiinua karatasi juu kwenye mwanga. Panasomeka.

— Basi mwache anakili. Anataka kujua kwa nini shamba langu liliondoka na la jirani, mpaka mmoja, likabaki. Kila siku ananiuliza hilo. Sasa anakwenda kuwaambia ana bidii.

Jamali alikuwa ameshaiweka karatasi juu ya meza yangu, katikati ya bisibisi, anatafuta ukurasa mweupe.

— Na usiandike mkulima mmoja, — mzee akaongeza akiwa amesimama. — Andika mjomba wangu. Uandike na kwamba nilikwambia maji hayatapita pale.

— Uliniambia, mjomba.

— Andika.

Akaandika. Ilitumwa kesho yake saa tatu asubuhi, kwenye simu niliyoitengeneza mimi. Majibu bado, lakini mkisikia kapata, mjue insha ile aliisahihisha Digrii: niliyoyafuta yote ndiyo yaliyokwenda.