Maji ya Kijani ya Ukoga

Benchi la kijiweni lilikuwa na miguu mitatu na tofali, na aliyekalia upande wa tofali alijua asijitikise ovyo. Asubuhi hiyo aliyekaa hapo alikuwa Ukoga, fundi bomba aliyeacha mabomba ya watu akachimba mabwawa mawili nyuma ya nyumba yake ng'ambo ya barabara, eti anafuga mwani, ule mdogomdogo usioonekana kwa macho ila kwa ukijani wake majini. Kahawa ilikuwa inampoa mkononi. Mama mmoja mfuga samaki alikuwa amechukua ndoo ya mwani ya majaribio awalishe vifaranga wake wa samaki, na leo ndiyo siku ya majibu. Vifaranga wakifa, basi tena. Mkewe alishasema mabwawa yafukiwe, arudi kuzibua vyoo.

— Mimi nasema huyu anafuga mamba, alisema Redio, fundi viatu asiyezimika mdomo. Maji gani yanakorogwa kutwa?

— Yasipokorogwa, mwani wa chini haupati jua, alijibu Ukoga.

— Petroli hiyo, akadakia Bosi, ambaye hajawahi kuajiri hata paka. Wanakamua ukijani, gari linatembea. Ukoga atatununulia ndege.

— Ndege wapi, bwana, akapinga Redio. Anapika mvua. Mawingu yote ya wiki hii yametoka uani kwake.

Wakacheka. Ukoga naye akacheka, ila macho yake yalikuwa barabarani. Mavuno ya kwanza, faida yote ililiwa na umeme wa kukorogea. Ya pili, mama mkwe alikuja kusalimia, akaona maji yamechafuka, akamwonea huruma mkwewe. Akayamwaga yote, akasugua mabwawa kwa sabuni mpaka yakang'aa. Ikabaki chupa moja tu ya mwani dirishani. Akaanza upya na hiyo chupa, safari hii akikoroga kwa sola, na maji yanayobaki akishachuja mwani anayarudisha bwawani.

— Na akija akasema wamekufa? aliuliza Bosi, sasa kwa sauti ya chini.

— Wakifa wao, nimekufa mimi.

Pikapu ikasimama. Akashuka mwanamke mwenye buti za mpira na ndoo tupu.

— Hamjambo. Fundi ni yupi?

— Ni mimi, mama.

— Vifaranga wangu wamenenepa mpaka nimewahamishia bwawa kubwa. Chakula cha dukani wanakisusa, na bei yako inanifaa. Nikitaka ndoo kumi kila wiki, utanipa?

Ukoga alikuwa amejipanga kwa kukataliwa tu: ataomba radhi vipi, ataomba nafasi nyingine vipi. La kukubaliwa hakulifikiria kabisa. Akamtazama Redio, Redio akamtazama Bosi, Bosi akakitazama kikombe chake.

Kisha Ukoga akainuka.

— Mama watoto! aliita kuvuka barabara. Hatufukii tena. Tunachimba bwawa la tatu.

Mkewe alikuwa ameshatoka mlangoni zamani, anasikiliza, jembe mkononi.

— Hili nililitoa la kufukia, alisema. Haya, njoo unionyeshe nianzie wapi.