Mazishi Niliyoyakatiza

Ninyi vijana mtakaobaki na karatasi hii baada ya mimi kuisoma hapa mbele, isomeni taratibu. Niliishia darasa la nne. Pasiposomeka njooni mniulize, nyumbani kwangu mnapajua. Majina sitataja. Wanaowajua wanawajua, wanyamaze.

Ndugu zangu, kanisa hili nililifunga mimi. Mlikuwa mkisema mwinjilisti wetu katukimbia. Hakukimbia. Nilimfukuza.

Mwinjilisti huyo ni mke wa mwanangu. Mwanangu yuko kazini mjini, huja mwisho wa wiki, na mkwe wangu alikuwa akiishi na sisi hapa Kigombe, mimi na mzee wangu. Mchungaji tunaye mmoja na mitaa yake ni mingi. Akija mwezi huu, mwezi ujao hatumwoni. Watoto wetu walikuwa wanangoja ubatizo mpaka wanakwenda kwenye maji kwa miguu yao wenyewe. Ndiyo maana wazee wa kanisa, mzee wangu akiwa wa kwanza, wakamwombea mkwe wangu nafasi ya masomo ya uchungaji. Masomo ya siku hizi: anasoma kwa simu akiwa nyumbani, halafu kwa majira anakwenda chuoni wiki kadhaa, kukaa na walimu ana kwa ana.

Mimi sikuyataka. Nilisema mbele ya watu, "Mchungaji wa simu! Bando likiisha, na baraka zimeisha." Watu walicheka, na mimi nilipenda wakicheka.

Mzee akaniambia, "Wewe mwanamke, tumekaa miaka yote tunaangalia barabara. Leo mchungaji anapitia dirishani, unataka kufunga dirisha?" Alisema dirisha kwa sababu mtandao kwetu hushika sebuleni tu, kwenye dirisha lile.

Basi siku moja nimetoka kuchimba mihogo, saa tisa alasiri. Sijavuka ua, nikasikia sauti ya mkwe wangu, ile ya kanisani, inasema maneno ya kumrudisha mtu udongoni. Nikasimama, najiuliza nani kafa. Halafu nikasikia jina. Jina la mzee wangu, la ubatizo, na la baba yake.

Mihogo sijui niliiacha wapi. Nilipoingia, mzee kalala mkekani katikati ya sebule, kafunikwa shuka jeupe mpaka kidevuni, mikono kifuani, macho kafumba. Mkwe wangu kasimama miguuni na kanzu yake. Simu kaiegemeza kwenye kopo la sukari.

Nikapiga ukelele. Mzee akafumbua jicho moja. "Ungengoja basi nifukiwe kwanza," akasema, akacheka, kikohozi kikamshika.

"Ni kazi ya darasani, mama," mkwe wangu akasema. "Mwalimu anataka kuona ninavyoongoza maziko. Najirekodi, namtumia."

"Unamzika mume wangu mzima?"

Nikaitwaa ile simu nikaitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya nguo. Nikaikandamiza chini kwa mkono mpaka mwanga ukazimika, ndugu zangu, kama mtu anayeua kitu.

Wiki tatu hazikutimia, mzee akafa. Kifua chake kilekile cha siku zote.

Nikasema kaitwa na yale maziko ya kwenye simu. Nilisema hivyo mbele ya waombolezaji, kidole nimemnyooshea mtoto wa watu. Mchungaji akiwa mbali, wa kuzika hapa ni mwinjilisti, na mwinjilisti ni yeye. Nikasema huyu hatagusa hata punje ya udongo, asubiriwe mchungaji. Mchungaji alikuwa upande wa mpakani na mvua imekata barabara. Tukamngoja siku tatu. Mwanangu akampeleka baba yake chumba cha maiti mjini, kisha akamrudisha. Majirani zetu Waislamu, ambao kwao aliyefariki asubuhi alasiri keshazikwa, walikaa nasi barazani wakiangalia chini. Mmoja akaniuliza kwa adabu, "Mama, mnamngoja nani?"

Mwishowe mchungaji akafika, akazika. Tulipotoka makaburini nikamwambia mkwe wangu arudi kwao. Hakubishana. Alikunja kanzu yake, akaenda Chumbageni kwa mama yake. Simu hana, darasa likampita. Ufunguo wa kanisa ukabaki kwangu, maana mzee ndiye aliyekuwa akiutunza. Nyinyi mkawa mnasali hapo nje kwenye ngazi.

Ndipo ilipoanza. Saa tisa, jua likiangukia ukuta wa sebule, nasikia sauti. Ni ya mkwe wangu. Inaanza yale maneno, inafika kwenye jina la mzee, inakatika. Kesho yake tena, inakatikia palepale. Nilihamishia kitanda jikoni. Nikaacha kupita mlango wa mbele, nazunguka nyuma kwenye mipapai. Ule mkeka niliutupa jalalani, halafu nikaenda kuuokota mwenyewe, kwa kuwa niliona kama nimemtupa yeye. Nikiwa shambani, nikiona jua limesogea, jembe linanianguka. Nawaambia, nilikonda mpaka kanga zinanivuka.

Nina jirani yangu mmoja, Mwislamu, mwosha maiti wa wanawake hapa kijijini. Alinikuta nazunguka.

"Shoga, mbona nyumba yako unaiingia kama mwizi?"

Nikamwambia yote. Na sauti nikamwambia. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ukaya wake wa kichwani.

"Unajua mimi kuosha nilijifunzia kwa nani? Kwa dada yangu! Mwalimu wetu alimlaza kitandani, tukamwosha, tukamkatia sanda, tukamvika. Anatekenyeka, anacheka, mwalimu anampiga kofi la paja: 'Tulia wewe, umekufa!' Basi huyo maiti yuko Moa mpaka leo, ana vitukuu, na kwa maneno ananishinda."

Kisha uso ukambadilika. "Sikiliza. Mtu hujifunzia kwa mzima ili akifa mwingine asifedheheke. Mumeo alikuwa na kifua tangu mimi ni mwali. Mtoto wa watu umemwonea. Na mumeo umemlaza siku tatu kwa ajili ya hasira zako. Nenda kwa yule binti. Leo."

Sikwenda leo yake. Nilikwenda siku ya nne.

Chumbageni nilimkuta anakanda unga wa maandazi. Akainuka. "Shikamoo, mama."

Sikuitikia. Nikamwambia, "Leo wa kuamkia ni mimi." Nikafungua mdomo nimpe shikamoo, mimi mtu mzima. Akaniziba kwa kiganja, unga wote ukanijaa usoni. Tukakaa chini barazani kwao.

Ndipo akaniambia nisilolijua. "Mama, mimi nilikata mgomba. Niliulaza mkekani nikaufunika shuka. Baba akauona, akasema, 'Ukizoea kuzika mgomba, utakuja kutuzika sisi kama migomba.' Akautoa nje, akalala yeye. Akaniambia nitaje jina lake lote, nisione haya."

Nilikuwa nimeuona ule mgomba nyuma ya nyumba. Nilidhani mbuzi wa watu wameuangusha.

Nilirudi naye. Walimu wakamkubalia kuuanza upya muhula ule, mwanangu akampa simu yake, na Jumapili iliyofuata nikafungua mlango huu. Kazi ya maziko ikaja tena. Nilijiapiza kwamba mkekani nitalala mimi. Nisiwadanganye, nilishindwa. Nikashika simu. Mkeka ukawa mtupu.

"Nitaje jina la nani, mama?"

"La mzee."

Ilikuwa alasiri. Akaanza. Alipolikaribia jina nilitetemeka, hata mwalimu alilalamika baadaye kwamba picha inayumba kama imepigwa ndani ya mtumbwi. Akalitaja. Akaendelea, akafika mpaka amina. Hapo ndipo mimi nilipojua mzee wangu kazikwa.

Msidhani nimepona. Zipo siku ile sauti bado inanijia, na inakatika vilevile. Nikiisikia nakaa kwenye mkeka, yale maneno yaliyobaki nayamalizia mimi, polepole, maana sasa nayajua.

Namshukuru jirani yangu aliyenicheka. Nawashukuru walimu wa chuoni, watu nisiowaona hata mmoja, kwa kumpokea tena. Nawashukuru nyinyi mliosali kwenye ngazi bila kunivunjia mlango. Mkwe wangu hayupo leo, yuko chuoni kwa zile wiki zao. Mwambieni akirudi kwamba nimesema haya mbele ya watu, kama nilivyomtukana mbele ya watu.

Vijana, mtu akijifunza jambo zito mbele ya simu, peke yake chumbani, msimcheke. Wazee wenzangu, usichokielewa uliza kabla hujatia mkono.

Jana niliwakusanya wote wa nyumbani, mwanangu na wajukuu. Nikawaambia: mimi nikifa, msingoje mtu wa mbali. Azike mkwe wangu. Ataje jina langu lote, na asiinuke mtu kumkatiza.